Saratani Inavyowageuza Walinzi wa Mwili

Mhadhara wa wazi, Gikundamvura, Wilaya ya Rusizi



Mmenialika niseme juu ya saratani, na najua wengi mmekuja na maswali ya nyumbani: la mama mwenye kivimbe titini, la mzee aliyekonda ghafla, la mtoto aliyevimba taya. Nitayafikia. Lakini naomba kwanza tuingie ndani ya uvimbe wenyewe, maana humo mna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi.

Kipande cha uvimbe wa saratani kikiwekwa chini ya hadubini, hazionekani seli za saratani peke yake. Imo mishipa ya damu, zimo nyuzi zinazoshikilia nyama, na zimo chembe nyeupe za damu kwa wingi, zile zile zinazotulinda na kifua kikuu, minyoo na vidonda. Mjerumani Rudolf Virchow aliziona mwaka 1863, akaanza kushuku kwamba saratani hupenda kuota mahali ambapo mwili umevimba na kuwaka kwa muda mrefu. Kwa zaidi ya miaka mia moja madaktari waliulizana chembe hizo zinafanya nini humo. Zimekuja kupigana au kusaidia? Leo jibu tunalo, nalo ni zito: nyingine zinapigana, nyingine zimechoka, na nyingine zinaulisha uvimbe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Tuzitaje basi. Kuna seli T, zinazoigusa seli moja moja ya mwili na kuua ile iliyoingiwa na virusi au iliyoharibika. Kuna seli B, zinazotengeneza kingamwili. Kuna seli NK, zinazoua bila kungoja kufundishwa. Na kuna makrofaji, seli kubwa zinazomeza uchafu, vijidudu na seli zilizokufa. Hizi makrofaji ndizo nitakazoanza nazo, kwa kuwa hazisifiwi wala hazilaumiwi vya kutosha.

Mtu akijikata mguu kwa jembe pale shambani, makrofaji hufika mapema. Kwanza humeza vijidudu na udongo. Kisha, siku zinavyopita, hubadili kazi: huita mishipa mipya ya damu, huamuru nyama mpya iote, na huzituliza seli T ili zisiendelee kuwasha mahali panapotaka kupona. Kidonda kikifunga, kazi imekwisha. Mwaka 1986 daktari mmoja wa Boston, Harold Dvorak, aliandika kwamba uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Mimi naona maneno hayo yanafundisha kuliko vitabu vingi. Uvimbe hutoa ishara zile zile za kidonda, na hauachi kuzitoa. Makrofaji zinazoitikia hujikuta katika ile kazi ya pili, ya kujenga, na hazitoki humo. Zinauletea uvimbe damu, zinazituliza seli T zilizokuja kuua, na mara nyingine zinazifungulia seli za saratani njia ya kuingia kwenye mishipa na kusafiri hadi mapafuni au mifupani. Hazijaasi. Zinafanya kazi ziliyoumbiwa, mahali pasipotakiwa.

Ziko pia seli T za aina nyingine ambazo kazi yake ni kuwazuia wenzake. Mjapani Shimon Sakaguchi alizionyesha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Bila seli hizo mwili ungejishambulia wenyewe, na watoto wanaozaliwa bila hizo huugua vibaya sana. Ndani ya uvimbe, hata hivyo, hujazana na kuwafunga mikono wale wanaopigana.

Ndiyo maana nina neno kwa wauzaji wa dawa za kuongeza kinga, wanaopita masokoni na ndani ya mabasi na chupa zao. Kuongeza kinga ipi? Ile inayoua saratani, au ile inayoiletea damu? Mgonjwa wa saratani hakupungukiwa chembe za kinga kama gunia lililopungua mchele. Mara nyingi anazo tele ndani ya uvimbe wake, zimegeuzwa kazi. Anayekuuzia chupa bila kukuambia hilo anakula pesa yako na, kibaya zaidi, anakula miezi yako.

Sasa tuje kwetu. Habari hii ya kinga na saratani haikuanzia Marekani ikatufikia sisi baadaye. Sehemu yake kubwa ilisomwa katika miili ya watoto wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine, akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akachapisha habari za saratani hiyo. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 15,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mtoto wa namna hii mnamwona? Jibu lilifuata ardhi. Kwenye mabonde ya joto na mvua walimwona. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hawakumwona. Burkitt alidhani kuna mbu anayebeba virusi vya saratani.

Hakuwa mbali na ukweli. Virusi vilikuwepo. Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walivikuta ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Virusi hivyo haviletwi na mbu. Hupita kwenye mate, na katika nchi zetu karibu kila mtoto huvipata akiwa mdogo, kisha hukaa navyo maisha yake yote ndani ya seli B bila kuugua. Mbu alichokuwa akikileta ni malaria.

Hapa nitakaa kidogo, maana habari hii inatuhusu sisi tunaoishi ukingoni mwa uwanda wa Bugarama kuliko wenzetu wa milimani. Bonde la Rusizi, kwenye mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, ndilo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Lina joto, lina maji, lina mpunga, lina mbu. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hupata mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, seli B zake huchochewa zigawanyike upesi, tena na tena, na katika haraka hiyo kromosomu hukatika na kuungwa vibaya: kipande cha kromosomu ya 8 hujishika kwenye kromosomu ya 14, na ile jeni inayoamuru seli igawanyike ikabaki imewaka. La pili, seli T zake, zile ambazo zilipaswa kuzichunga seli B zenye virusi, hudhoofika. Ann Moormann na wenzake walilionyesha hili nchini Kenya mwaka 2007: walilinganisha watoto wa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria ambako malaria haikomi, na watoto wa nyanda za juu za Nandi ambako ni chache. Watoto wa Kisumu wenye umri wa miaka 5 hadi 9, umri ule ule ambao uvimbe wa taya hupenda kutokea, seli zao T ziliviitikia virusi vya Epstein-Barr kwa unyonge zaidi.

Kwa hiyo mama anayemlaza mwanawe ndani ya chandarua hapa Gikundamvura anailinda kinga ya mtoto dhidi ya saratani. Sisemi kila mtoto mwenye malaria atapata uvimbe huo. Ni wachache sana wanaoupata. Nasema njia ya kuuendea imefahamika, na mlango wake wa kwanza unaweza kufungwa.

Burkitt aliona jambo la pili ambalo wengi wamelisahau. Hakuwa na mashine za mionzi, na dawa alizopata zilikuwa kidogo. Aliwapa watoto dozi moja au mbili za dawa za kemikali, dozi ambazo Ulaya wangesema hazitoshi kitu, na baadhi yao walipona, wakaishi miaka mingi. Dawa kidogo hivyo haiwezi kuua kila seli ya saratani. Yeye na wenzake wakahisi kwamba mwili wa mtoto wenyewe ulimalizia kazi. Jijini Nairobi, Peter Clifford aliwatibu watoto kama hao na kupeleka damu na vipande vya uvimbe wao Stockholm kwa George Klein na Eva Klein, na mwaka 1966 walichapisha matokeo ya kutafuta kingamwili dhidi ya uvimbe katika damu ya wagonjwa hao. Mwaka uliofuata Eva Klein aliotesha seli kutoka kwa mgonjwa mmoja wa Nairobi, na seli hizo zinaishi hadi leo kwenye maabara duniani kote. Baadaye iligunduliwa kwamba zimepoteza ile alama ya juu ya seli ambayo seli T huishika ili kujua kilichomo ndani. Bila alama hiyo, seli T inapita bila kuona kitu. Hivyo mojawapo ya mbinu kuu za saratani za kujificha ilisomwa katika seli za mgonjwa wa Afrika Mashariki. Ni haki yetu kuijua.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka saratani ya pili. Kabla ya UKIMWI, madaktari wa Uganda na wa mashariki ya Kongo walikuwa wanaiona mara nyingi Kaposi: mabaka na vinundu vyeusi miguuni, hasa kwa wanaume watu wazima, ikienda polepole kwa miaka. Kisha ikageuka. Mwaka 1984 madaktari wa Kigali na wa Kinshasa waliandika juu ya wagonjwa wa UKIMWI katika jarida la Lancet, na Kaposi iliyoonekana kwa wagonjwa wa namna hiyo ilikuwa nyingine, inayokimbia, inayoingia mdomoni na mapafuni, inayoua vijana. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. VVU haviigeuzi seli kuwa saratani ya Kaposi. Vinaua seli T zinazoviamrisha vikosi vingine vya kinga, na kile kilichokuwa kimezuiwa kinaachiwa.

Na kumbe mgonjwa wa Kaposi ambayo haijafika mbali, akianza ARV tu, bila dawa ya saratani, mara nyingi vinundu vyake hunywea. Seli T zikirudi, saratani inarudi nyuma. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huo. Lakini niseme na upande wake wa pili, maana wahudumu wetu wa afya hukutana nao: wagonjwa wengine katika wiki za kwanza za ARV vinundu huwaka na kuvimba zaidi, kwa sababu kinga inarudi kwa kishindo. Mgonjwa huyo asiache dawa akidhani zinamdhuru. Arudi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuhusu ini nitasema kwa ufupi. Virusi vya homa ya ini aina ya B peke yake haviharibu ini haraka. Zinazoziua seli za ini ni seli T zetu zikijaribu kuvifukuza na kushindwa, mwaka baada ya mwaka. Ini hufa, huota, hufa, huota, na katika kuota huko makosa hujikusanya. Rwanda imewachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo tangu mwaka 2002. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo, ambao hawajawahi kupimwa, ndio ninaowasihi wapimwe.

Sasa matibabu. Mnaijua irondo, ile doria yetu ya usiku. Usiku doria ikimkuta mtu njiani humuuliza yeye ni nani, na akijibu vizuri, akatajwa kuwa wa hapa, huachiwa apite. Seli T nazo zina swali la namna hiyo. Juu yake kuna protini inayoitwa PD-1, iliyogunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake mjini Kyoto mwaka 1992. Seli nzima ya mwili ikiigusa PD-1 kwa protini yake, seli T hutulia na kuiacha. Ni jambo jema, ndilo linalotuzuia tusijishambulie. Seli ya saratani imejifunza kutoa jibu hilo hilo, kwa wingi. Seli T imefika, imeinua mkono, imeambiwa huyu ni wa hapa. Huko Marekani James Allison alikuwa akichunguza kizuizi kingine, CTLA-4, na akauliza kwa nini tusikizibe kizuizi chenyewe badala ya kuishambulia saratani. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, za PD-1 zikafuata mwaka 2014, na Allison na Honjo wakapata Nobel mwaka 2018. Kuna wagonjwa wa saratani ya ngozi iliyokwisha kusambaa, ambao zamani walihesabiwa miezi, walio hai miaka kumi baadaye.

Si wote. Wengi dawa hizi haziwasaidii, hasa pale ambapo seli T hazikuingia kabisa ndani ya uvimbe, au makrofaji zimezizunguka na kuzifunga. Na ukikiondoa kizuizi, kimeondoka mwili mzima: matumbo huweza kuwaka, tezi ya shingo hufa, mapafu huvimba. Anayetibiwa kwa dawa hizi anahitaji daktari wa karibu anayejua kuyatambua hayo mapema.

Ziko njia nyingine. Chanjo ya BCG, ile iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi, imetumika tangu mwaka 1976 kutibu saratani ya juu juu ya kibofu: huingizwa kibofuni, kinga huamshwa pale pale. Iko rituximab, kingamwili iliyotengenezwa maabara, inayojishika kwenye seli B na kuwaita NK na makrofaji waje kuziua na kuzimeza. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015. Na iko tiba ya kuzitoa seli T za mgonjwa, kuzibadili jeni maabara na kumrudishia. Ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ilitangazwa kwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa bei hiyo sina la kuwaambia, ila kwamba watu wa Rusizi hawana saratani ya bei rahisi.

Bei, hata hivyo, si amri ya Mungu. Rituximab ilikuwa ghali mno hadi kampuni ya India ilipotoa ya kwake mwaka 2007. Na huko Mumbai, madaktari wa Hospitali ya Tata Memorial walifanya jambo ambalo lingepasa kujadiliwa katika kila wizara ya afya Afrika. Walijua kwamba vizuizi vya PD-1 huzibika kwa dawa kidogo kuliko inayoandikwa na watengenezaji. Wakawapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, iliyokwisha kuenea, miligramu 20 tu za nivolumab, mojawapo ya dawa hizo za PD-1, kila wiki tatu pamoja na dawa zao za kawaida, chini ya sehemu ya kumi ya dozi iliyozoeleka. Bila nyongeza hiyo, waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 16; waliopewa, asilimia 43. Hao ni wagonjwa maskini, katika hospitali ya umma. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiingiza pembrolizumab, nayo dawa ya PD-1, katika orodha ya dawa muhimu, kwa saratani kadhaa, ikiwemo ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Viongozi wetu wanayo hoja mkononi wanapokaa na wauzaji.

Lakini dawa hizo hazimtafuti mgonjwa. Rwanda ilifungua kituo cha saratani cha Butaro, wilayani Burera, mwaka 2012, na tiba ya mionzi ikaanza Kigali mwaka 2019. Kutoka hapa hadi Butaro ni kuikata nchi nzima kutoka pembe ya kusini magharibi hadi mpaka wa kaskazini. Utafiti uliofanywa kwa wanawake wa saratani ya matiti waliotibiwa katika hospitali za Butaro na Rwinkwavu, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba kwa kawaida ilipita miezi 15 tangu mwanamke aone dalili hadi ajulikane ana nini. Kuanzia kwa mganga wa kienyeji kulichelewesha. Kuzungushwa kituo hiki na kile, mara tano na zaidi, nako kulichelewesha, na hilo si kosa la mwanamke. Wakati huo wote uvimbe unaendelea kuwageuza walinzi. Ulio mdogo una seli T zinazopambana bado. Ulioachwa mwaka mzima umejijengea ukuta. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kuwahi, na ndiyo ningependa wahudumu wa afya waitumie badala ya kumtisha mama.

Mama mwenye VVU aisikie hii kwa namna ya pekee: hatari yake ya kupata saratani ya mlango wa kizazi ni mara sita ya mwanamke asiye na VVU, kwa sababu ni seli T zinazoviondoa virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo, kwa wanawake wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili. ARV zake ni sehemu ya kinga yake dhidi ya saratani hiyo, na kupimwa kwake kusingoje dalili.

Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya HPV, ikianza na darasa la sita, na zaidi ya asilimia 90 walichanjwa. Wengine ng'ambo walisema nchi maskini haikupaswa kuanza na chanjo hiyo. Walikosea. Wasichana wa darasa la sita wa mwaka ule sasa wanakaribia miaka 30, na baadhi yao wamekaa hapa mbele na watoto mgongoni. Chanjo mliyopewa iliifundisha kinga yenu aina za HPV zinazoleta saratani saba katika kila kumi za mlango wa kizazi. Tatu zilizobaki haikuzifundisha. Kwa hiyo mkifika umri wa kupimwa, njooni kituo cha afya mpimwe kama mama zenu wasiochanjwa, na mje nao.